Vichwa vya Ming'oko

Kila asubuhi Chiku alivuka mto Ruvuma kwa kukanyaga mawe, kijembe begani, kwenda kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, kwenye kisiwa kidogo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Askari wa Wajerumani walichoma mashamba na vihenge kuzunguka Songea, na baba yake hakurudi. Chakula kilikuwa kimebaki kisiwani tu.

Kisiwa hicho kilikuwa na mwiko wa tangu zamani. Wazee walizikwa chini ya mikuyu yake, kwa hiyo hakuna aliyekata mti, kuwasha moto wala kutega ngedere huko. Aliyechimba mng'oko alichukua kipande cha chini, akakirudisha kichwa udongoni kichipue tena mvua zikija. Wazee waliousimamia mwiko walikuwa wamenyongwa na Wajerumani. Alibaki bibi yake, Bibi Zabibu, ambaye miguu ilimvimba kwa njaa hata asiweze kuvuka.

Siku hiyo mdogo wake, Chande, alishindwa kusimama. Chiku akang'oa mashina matano, akayatia kikapuni pamoja na vichwa vyake.

Bibi alimngoja ukingoni, akamuuliza kama vichwa amevirudisha.

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akaingiza mkono kikapuni, akapapasa taratibu. "Na hivi? Vya ngedere?"

Chiku akalia. Alisema Chande ana njaa, na wazee wa kumkamata hawapo tena. Bibi hakumpiga. Alimwambia avirudishe vichwa kwanza, kisha apike vipande vya chini, Chande ale. Yeye mwenyewe siku hiyo hakula.

Chande alikufa kabla ya mvua. Mvua ziliponyesha, vichwa vitatu kati ya vitano vilichipua. Bibi, aliyepata nafuu kwa uyoga na mboga za mwitu, alivuka akiegemea bega la Chiku.

"Ningevipika vyote, labda Chande angekuwepo," Chiku alisema.

Bibi aliketi kando ya machipukizi.

"Labda. Siwezi kukuapia kwamba si hivyo. Wala sikulaumu kwa njaa, mjukuu wangu. Lakini wale waliochoma mbegu zetu walitaka tusiwe na mwaka mwingine. Uliponidanganya, ulikuwa unawamalizia kazi. Wazee hawapo, kweli. Basi mwenye kuulinda mwiko ni yule aliyeshika jembe, hata kama hakuna anayemwona."

Chiku akainama, akaanza kuyapalilia machipukizi.