Meno ya Plasta ya Jochen

“Henrike, nimemvunja jino mwanangu.”

Nilikuwa jikoni kwangu Dresden, kijiko mdomoni. Miaka mitatu Mama Seyfarth hakuwa amenipigia simu, na siku anayopiga hata salamu hakuna.

“Jino gani, Mama?”

“La mbele, la juu. Keki ya cheri, binti. Kokwa moja imenipita. Sasa amejifungia bafuni, hataki kuongea na mimi.”

Nikavuta kiti, nikakaa. Mwanawe ni Jochen, mpiga tarumbeta. Si wa gwaride. Jochen husimama peke yake mbele ya okestra nzima na kupiga makonserto ya kale, ya zaidi ya miaka mia mbili, ambayo wengi huyaogopa. Jino la mbele likibadilika hata kwa unene wa ukucha, midomo haijui tena ikae wapi. Ndiyo maana wapiga tarumbeta wenye akili huenda kwa daktari wakiwa wazima, wakachukuliwa umbo la meno yao kwa plasta, wakalitunza kama hati ya kiwanja. Siku jino likivunjika, daktari analiiga lile la plasta.

“Si ana meno yake ya plasta?” niliuliza, kana kwamba sijui.

“Anasema yako kwako.”

Yalikuwa kwangu kweli. Kwenye kopo la biskuti, rafuni, kati ya maikrofoni zangu. Jochen alinikabidhi mwenyewe mwaka wetu wa kwanza, akaniambia, “Tunza.” Wanawake wengine huvishwa pete. Mimi nilipewa meno.

Dakika tano baadaye ujumbe wa Jochen ukaingia.

“Mama amekupigia, samahani. Nitamtuma mtu aje kuchukua.”

Nikajibu: “Simpi mtu. Naleta mwenyewe.”

Akaandika: “Görlitz, kwa daktari wa meno. Saa nne asubuhi.”

Sasa niseme kosa langu, maana lilikuwa langu. Kazi yangu ni kurekodi. Naketi na spika za masikio, nasikiliza, nasema “tena”, kisha naunga vipande vizuri kuwa kitu kimoja. Kila mtu hufanya hivyo, si dhambi. Ila katika santuri ya kwanza ya Jochen kulikuwa na sauti moja ya juu kabisa iliyomshinda mara ishirini na mbili. Okestra ilikuwa inaondoka jioni ile. Jochen alipotoka kwenda kula, nikamwita Tilman, mpiga tarumbeta wa pili, akaipiga mara moja tu. Nikaiunga mahali pake, nikanyamaza.

Santuri ikasifiwa magazetini, na sauti iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile. Miaka mitatu baadaye Tilman alilewa kwenye sherehe, akacheka, akaitoboa siri. Jochen alihama kwangu wiki ileile.

Nilimkuta kwa daktari, leso mdomoni. Alikuwa na mvi mpya. Moyo wangu ukapiga kama wa msichana, na nikaukasirikia.

“Miaka mitatu umekaa na meno yangu,” alisema kwa kithembe.

“Uliyaacha.”

“Niliyasahau.”

“Mtu hasahau meno yake, Jochen.”

Akaninyang'anya kopo, akalifungua, akayatazama. “Umeyapangusa vumbi?”

“Kila mwezi.”

Daktari akatuambia tuache kelele, wagonjwa wengine wanasikia. Tukashusha sauti, tukaendelea.

“Nilikufanyia ubaya,” nilisema. “Zamani nilikuwa nasema nilikufanyia wema. Si kweli. Nisamehe.”

“Unajua kilichoniuma? Si Tilman. Kila nikipigiwa makofi kwa ajili ya ile santuri namsikia yeye, lakini hilo nimelizoea.” Alitoa leso. Pengo lilikuwa baya. “Uliona siwezi. Wewe, kati ya watu wote. Hukuniambia ‘tena.’ Uliona siwezi, ukaniacha niende kula supu.”

Alikuwa amesema kweli tupu. Daktari akamwita ndani, yeye na kopo lake, nami nikarudi nyumbani nikilia ndani ya treni mbele ya watu.

Alhamisi akapiga simu.

“Jino limekaa. Mama anakusalimu, anasema ameacha kuoka.”

“Ataanza tena Jumapili.”

Akacheka kidogo. “Kesho narekodi lile konserto. Lilelile la mwanzo. Nataka kulirudia kabla sijazeeka. Ilikuwa iwe juzi, lakini jino likaahirisha kazi, na mtu wangu wa kurekodi kesho ana kazi kwingine.”

Nilingoja amalizie mwenyewe.

“Utakuja?”

“Nitakuja.”

“Ile sauti hutaiunga, Henrike. Ikinishinda, na isiwepo santuri.”

“Siiungi.”

Kanisa lilikuwa la kijijini, nje kidogo ya Görlitz. Mtunza kanisa alikuwa amezima kengele za saa mpaka saa kumi kamili, basi. Mchungaji wake hakutaka kusikia habari ya dakika moja zaidi. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma ya madhabahu na mashine zangu, nikiongea nao kwa spika ndogo.

Sehemu za haraka zilikwenda kama maji. Sauti ya juu iko sehemu ya polepole. Mara ya kwanza ikapasuka. Ya nne ikapasuka. Ya tisa ilitoka nusu, kisha ikakatika. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini na mbili.

Bwana Zschoche, kiongozi wa wapiga fidla, akainamia maikrofoni. “Bibi Henrike, ya tisa si mbaya sana. Utaitengeneza huko, si ndiyo? Mdomo wake umechoka. Watu wana watoto wa kuchukua shuleni.”

Kwenye skrini ndogo ya kamera yangu nilimwona Jochen akitazama mlango wa chumba changu, ingawa hakuweza kuniona.

Nikaweka kidole juu ya kitufe cha spika. Ikipasuka tena, santuri haipo, naye hatarekodi tena, si nami wala na mwingine. Ningesema “inatosha,” kila mtu angenishukuru.

“Tena,” nilisema. “Anaweza.”

“Bibi, saa…”

“Bwana Zschoche, nimesema tena. Kutoka mwanzo wa sehemu.”

Wakapiga. Nikafumba macho. Jochen akapanda taratibu, akavuta pumzi mahali ambapo hakuwahi kuivuta, na sauti ikatoka. Safi. Akaishikilia. Akaendelea kuishikilia, na kengele ya saa kumi ikalia juu ya vichwa vyetu, mara moja, nzito, kisha tena, huku sauti ya tarumbeta ikiwa bado hewani. Hakuna aliyeacha kupiga. Walifika mwisho kengele ikiendelea kulia.

Niliondoa spika masikioni. Nilikuwa nimelowa machozi mpaka shingoni.

Kampuni ya santuri iliniuliza baadaye kama ile kengele inaweza kuondolewa. Nikawaambia haiwezi. Ingewezekana, kwa kukata. Lakini yeyote atakayeisikia atajua kwamba pale hakuna aliyegusa kitu.

Siku ile tulibaki wawili kanisani, mimi nikikunja nyaya, yeye akipangusa tarumbeta. Akavaa koti, akanishika bega, akatoka kuwasha gari. Nilipogeuka kuchukua mkoba wangu, nikaliona kopo la biskuti juu ya mashine yangu.

Nikamkimbilia nje nalo.

“Jochen! Umesahau meno yako!”

Akateremsha kioo cha gari.

“Mtu hasahau meno yake, Henrike. Panda twende, Mama ameoka.”