Pumba Kabla ya Sindano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wambeti alipima chakula cha Njiru, fahali mweusi wa baba yake. Alipima mabaki ya jana, akaandika, kisha akapima nyasi na pumba za siku hiyo. Mafahali sita wa kikundi cha wafugaji hapo Siakago walikuwa wamepimwa hivyo kwa miezi miwili, kila mmoja katika zizi lake. Wawili ambao wangeonekana kula kidogo na kunenepa vizuri wangebaki wazalishe. Wanne wangeuzwa kwa wachinjaji.

Jumamosi moja, Daktari Kajuju wa mifugo angekuja kuwatoa damu ya kupima. Alikuwa ameagiza fahali yeyote asile tangu jioni. Lakini Njiru alilia tangu alfajiri, akigonga hori kwa pembe. Wambeti alimhurumia. Akampa karai moja la pumba, kisha akapangusa hori likawa safi.

"Hajala?" baba yake, Mzee Salesio, aliuliza baadaye.

"Hajala, baba."

Saa mbili daktari alifika. Mafahali wote sita waliletwa pamoja, wakafungwa kwa mstari, Njiru akiwa wa mwisho.

"Mbona huyu wenu ametulia hivyo?" jirani yao Muchangi aliuliza. "Wetu wanalia njaa, yeye amesimama kama mzee aliyetoka harusini."

"Ni malezi," baba akajibu. Watu wakacheka. Wambeti hakucheka.

Chupa ya kwanza ilijaa damu, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Daktari, hiyo damu itaonyesha nini?" Wambeti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ina vitu ndani yake, kama sukari, vinavyoonyesha jinsi mwili unavyotumia chakula. Ndivyo vitatusaidia kumjua fahali asiyepoteza chakula bure."

"Na kama amekula?"

"Vitabadilika. Tutamwona mbaya, kumbe ni mzuri."

Wambeti akinyamaza, huenda Njiru akapelekwa kwa mchinjaji kwa sababu ya karai moja la pumba. Akisema, baba ataaibika mbele ya kikundi kizima. Daktari alikuwa ameshafika kwa Njiru. Kidole chake kilitafuta mshipa shingoni.

"Amekula," Wambeti alisema. Hakuna aliyesikia. Akamshika daktari mkono. "Amekula. Nilimpa pumba saa kumi na mbili."

Watu wakageuka kumtazama.

"Si uliniambia hajala?" baba aliuliza.

"Nilikudanganya, baba."

Muchangi aliguna. "Basi aondolewe. Wetu wamelala njaa, wake amekula kiamshakinywa."

Daktari alifikiri, kisha akafunika sindano. "Hataondolewa. Nitarudi Jumanne asubuhi. Jumatatu jioni asipewe kitu."

Alfajiri ya Jumanne Njiru alilia tena. Wambeti alikaa kando ya zizi, mikono mitupu, machozi yakimlengalenga, mpaka daktari alipofika.

Baada ya mwezi mmoja, majibu ya damu yaliwekwa pamoja na uzito na hesabu ya chakula. Njiru alikuwa wa pili. Angebaki.

Daktari alimwita Wambeti mbele ya baba yake. "Ungenyamaza siku ile, mashine ya kupima damu ingetoa jibu tu. Lingeandikwa vizuri, nasi sote tungeliamini. Kosa la kumlisha tulilirekebisha kwa siku tatu. Uongo wako tusingejua hata kama upo, tungeurekebisha vipi?"

"Umesikia?" baba akamuuliza.

"Nimesikia."

"Mimi pia," baba akasema. "Siku ile niliaibika, lakini ni afadhali aibu ya asubuhi moja kuliko kumchinja fahali mzuri kwa uongo."