Mechi ya Denzil na Leseni ya Runinga

Jumamosi asubuhi, jikoni kwa kina Tamsin kulikuwa na vita vya tosta. Tosta ni moja, wanafunzi ni wanne, na Fergus ndiye aliyewahi. Fergus akiwahi tosta, wengine mtakula mchana.

"We Mskoti, huo mkate wa sita," alisema Imogen. "Ukimaliza si utatafuna na tosta yenyewe?"

"Nakula na fungu la Tamsin. Tangu juzi hakimpiti kitu kooni. Kisa kaka."

Kweli kabisa. Tamsin Tregenza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa ameshika kikombe cha chai mpaka kimepoa. Kaka yake, Denzil, ni fundi bomba. Wiki nzima anazibua vyoo vya watu huko Porthmena, mji wao mdogo wa pwani kule Cornwall. Mwisho wa wiki anavaa glovu, anakuwa kipa wa timu ya mji. Na hiyo timu ya mafundi, walimu na muuza samaki mmoja ilikuwa imepenya mpaka raundi ya tatu ya Kombe la FA. Kesho yake, Jumapili saa kumi na moja jioni, ilikuwa inaikaribisha klabu kubwa ya London. Mechi ingeonyeshwa moja kwa moja nchi nzima.

Tamsin angekwenda mwenyewe uwanjani. Lakini yeye yuko Leeds, juu kaskazini. Treni inakula siku nzima, na Jumatatu saa tatu asubuhi ana mtihani. Baa ya kona nayo saa hiyohiyo ilikuwa na mechi ya watu wengine. Nani angebadilisha stesheni kwa ajili ya Porthmena? Alibakiwa na kompyuta yake kuukuu tu.

Ndipo Bilal akaingia na barua mkononi. Bilal ni mwenzao wa nne, kijana wa Bradford, asiye na makuu.

"Sikilizeni hii," alisema. "Wanasema nyumba hii haina leseni ya runinga, ile ada ya kila mwaka ya kutazama. Ukikutwa unatazama bila leseni, unaweza kupelekwa mahakamani. Faini inafika pauni elfu moja."

Tamsin aliweka kikombe chini. "Elfu moja?"

"Tupa hiyo," alisema Fergus. "Sisi wanafunzi bwana. Kodi ya halmashauri hatulipi, na hii ni vilevile."

"Halafu runinga yenyewe iko wapi?" aliuliza Imogen. "Hapa kuna kompyuta na simu tu."

"Na mimi baba yangu analipa leseni nyumbani," alisema Tamsin. "Si inanifuata na mimi?"

"Inakufuata kwa miguu kutoka Cornwall?" alicheka Fergus.

"Usinicheke, Fergus! Kaka yangu hatacheza mechi kama hii tena maishani. Nataka kumwona. Ila sitaki kumwona halafu baba auze gari anilipie faini."

Walibishana mpaka mkate ukaungua. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Ackroyd, jirani wa ukuta kwa ukuta, na kifurushi kwapani.

"Kifurushi chako, Imogen kipenzi. Mlikuwa hampo jana, wakaniachia mimi. Kelele zenu lakini zimenifikia zenyewe. Leseni, sivyo?"

Bi Ackroyd alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ofisi ya ushauri kwa wananchi. Alivuta kiti bila kuambiwa. Tamsin akamwekea chai.

"Kila Januari wanafunzi walikuwa wanakuja kwangu na barua kama hiyo," alisema. "Na kila mmoja kachukua kipande cha ukweli, kimemtosha. Tuanze na wewe, Fergus. Nani kakwambia wanafunzi hawalipi?"

"Kodi ya halmashauri..."

"Kodi ya halmashauri ni kitu kingine. Leseni ya runinga mwanafunzi hasamehewi. Ukitazama matangazo ya moja kwa moja, ya stesheni yoyote, unahitaji leseni. Na ile huduma ya BBC ya kwenye intaneti, hata kama kipindi ni cha jana, unahitaji."

"Hata kwenye simu?" aliuliza Imogen.

"Simu, kompyuta, hata ukitazama kwenye friji. Sheria haiangalii sanduku, inaangalia unachotazama. Ukitazama filamu zako za kulipia mtandaoni ambazo haziendi hewani muda huohuo, hapo huhitaji leseni."

"Kwa hiyo kesho ndiyo basi," alisema Tamsin.

"Nimemaliza? Tulia, kipenzi. Wewe ndiye uliyekaribia kuliko wote. Chuo kikifungwa unakwenda wapi?"

"Nyumbani, kwa baba na mama."

"Na leseni ya pale iko hai?"

"Nadhani."

"Usidhani, uliza. Kama iko hai, inakulinda mpaka hapa. Lakini kwa sharti moja." Bi Ackroyd alichukua waya wa chaja uliokuwa mezani, akauning'iniza mbele yao kama mtu aliyekamata nyoka. "Kifaa kiende kwa betri yake chenyewe. Kisichomekwe ukutani wakati unatazama. Ukichomeka tu, leseni ya baba haipo. Hapo unahitaji ya kwako."

"Yaani waya huo tu ndio tofauti?" Fergus alitumbua macho.

"Waya huohuo. Chaji kabla, maliza, chomoa, halafu tazama."

"Na tukinunua moja tukachangia wote?" aliuliza Imogen.

"Mlisaini mkataba mmoja wa nyumba, au kila mtu wake?"

"Kila mtu wake. Na kila chumba kina kufuli lake."

"Basi moja haiwezi kufunika vyumba vyote vinne. Mngekuwa na mkataba mmoja, moja ingetosha. Na siku yoyote mkilipa, mkaondoka kiangazi hamtaihitaji tena, ombeni mrudishiwe ile miezi mizima iliyobaki. Wengi wanaiacha."

Bilal aliikunja ile barua. "Bi Ackroyd, nyumbani kwetu hatuna leseni. Wazazi wangu waliacha kutazama zamani."

"Basi wewe usitazame, mwanangu, mpaka uwe na yako. Lakini redio sikiliza utakavyo. Redio haihitaji leseni."

Tamsin alikuwa ameshapiga simu nyumbani.

"Baba! Leseni ya TV tunayo?"

"Kesho kaka yako anacheza na mamilionea, wewe unauliza leseni?" baba yake alifoka. Nyuma yake kulisikika watu wanaimba. "Muulize mama yako!"

Mama ndiye aliyefungua droo. "Hii hapa, mwanangu. Inaisha mwezi wa tisa. Umekula?"

"Sasa nakula, mama."

Fergus na Imogen nao wakapiga kwao. Leseni zote hai. Bilal akajibu barua siku hiyohiyo kupitia mtandao, kama Bi Ackroyd alivyomwelekeza, kueleza hali ya nyumba yao.

Jumapili walipanga kama makocha. Kompyuta ya Tamsin ingeanza. Betri yake ilikuwa ya kizamani, ikijitahidi sana inafika saa moja. Ya Imogen ingeingia kipindi cha pili. Fergus hakuwa na kompyuta, kwa hiyo simu yake ingekaa benchi; za Tamsin na Imogen zilikuwa za zamani, haziwezi kuonyesha mechi. Vyote vilichajiwa toka asubuhi. Saa kumi na nusu Tamsin alizichomoa chaja zote, akazitia kwenye droo ya vijiko, akakalia kiti mbele ya droo.

Bilal alikaa kona ya pili ya jikoni, mgongo kwao, redio ndogo sikioni. Hapo wakagundua jambo. Redio ilikuwa inatangulia picha kama nusu dakika. Dakika ya kumi Bilal alishtuka, akasema "Aah!" Nusu dakika baadaye London wakafunga.

"Bilal, utatuua kabla ya wakati!" alipiga kelele Fergus. Akamtupia kitambaa cha kufutia vyombo. "Jifunike uso!"

Basi Bilal akakaa kafunikwa kama kikapu cha mkate.

Kompyuta ya Tamsin ilizimika dakika ya arobaini na nane. Wakahamia ya Imogen. Dakika ya sabini na moja, muuza samaki wa Porthmena akapiga kichwa, mpira wavuni! Sare, bao moja kwa moja. Jikoni kulikuwa hakukaliki. Bi Ackroyd akagonga ukuta mara tatu kwa furaha, maana naye alikuwa anatazama kwake.

Tisini zikaisha. Muda wa ziada. Denzil alidaka, alipangua, alilala, aliamka. Jezi yake ilikuwa tope tupu. Ikaja penalti. Kompyuta ya Imogen ikasema kwaheri.

"Simu!" alipiga kelele Tamsin.

Fergus akaitoa taratibu. Sura ilikuwa imembadilika. "Mchana nilicheza gemu kidogo tu."

Asilimia saba.

Vichwa vitatu vikabanana juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Penalti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nne kwa nne. Asilimia mbili. Porthmena wakafunga ya tano. Sasa London walibakiwa na mpigaji mmoja. Denzil akidaka, wameshinda.

"Tamsin," alinong'ona Fergus. "Nipe chaja. Dakika moja tu. Nani atajua?"

Tamsin alihisi droo inamgusa mgongo. Waya ulikuwa palepale, na tundu la umeme liko pembeni ya sinki. Nyumbani Denzil alikuwa amesimama peke yake mbele ya nchi nzima.

"Mimi nitajua," alisema. "Hapana."

Asilimia moja. Mpigaji akaweka mpira. Akarudi nyuma hatua tano. Denzil akatanua mikono.

Kioo kikawa cheusi.

Halafu, kama waliambizana, wote watatu wakageuka kona ya pili.

Kitambaa kilikuwa kinatikisika. Bilal alikuwa ameshajua zamani! Alikuwa amejikunja, ameuma kitambaa ili asiwaharibie.

"Bilal!" alipiga kelele Tamsin. "Sema!"

Kitambaa kikaruka mpaka kwenye bomba. "KADAKA! Kaokoa kwa mguu! Denzil kadaka! Porthmena! Porthmenaaa!"

Tamsin hakukumbuka alivyofika juu ya kiti. Fergus alimbeba Imogen, Imogen akaangusha tosta. Bi Ackroyd aliingia na ndara bila kugonga, akalia, akacheka, akamkumbatia kila mtu hadi mlango wa friji.

Saa mbili usiku simu ya Tamsin ililia. Sauti ya Denzil ilikuwa imekauka kabisa.

"Dada'ngu, uliniona?"

"Nilikuona mpaka asilimia moja," alisema Tamsin, machozi yanamtoka. "Hiyo iliyobaki nimemwona Bilal."

Mtihani wa Jumatatu aliufanya akiwa hana sauti, lakini aliufaulu. Jumatano afisa wa leseni akagonga mlango. Tamsin alijua halazimiki kumruhusu kuingia. Alimkaribisha kwa hiari yake.

"Mnatazama matangazo ya moja kwa moja hapa?"

"Tunatazama watatu. Leseni za wazazi zipo, namba hizi hapa. Vifaa vyote kwa betri."

"Na chaja?"

Tamsin akafungua droo ya vijiko. Afisa alitazama nyaya zimelala na uma, akacheka, akaandika, akaaga.

"Ngoja kidogo," afisa alimgeukia mlangoni, akitazama jina aliloandika. "Tregenza? Wewe ni nani wa yule kipa?"

"Dada yake."

Afisa alivua kofia.

Raundi ya nne ilipofika, nyumba ilikuwa imechajiwa toka usiku uliopita. Fergus alikatazwa kugusa gemu siku nzima, na simu yake ikawekwa chini ya ulinzi wa Bi Ackroyd. Bilal alikuwa anaweza sasa kujilipia leseni yake kwa mafungu, akatazame na wenzake. Walimuuliza.

"Mwakani labda," alisema, akikikunjua kitambaa chake cha vyombo kilichofuliwa na kupigwa pasi. "Kwa sasa nimezoea kujua kabla yenu."