Hilda wa Winchi na Luteni Wake

Foleni ya samaki na viazi ilizunguka kona ya soko la Sheffield, mvua ikinyesha. Luteni mmoja mrefu, vifungo vya shaba viking'aa kifuani, akajipenyeza katikati.

"Bwana afisa," sauti ikasema nyuma yake, "mkia uko kule."

Akageuka. Akamwona msichana wa ovaroli la bluu, kitambaa chekundu kichwani, masizi shavuni. Huyo ndiye Hilda Staniforth, aliyeendesha winchi ya kuinulia vyuma kwenye kiwanda cha chuma tangu wanaume waende vitani.

"Nilidhani huu ndio mkia, dada."

"Kama ramani za Wajerumani unazisoma hivyo, tumekwisha."

Watu wakacheka. Luteni Clifford Ibbotson akarudi nyuma, masikio yamemwiva kwa aibu. Alipofika dirishani samaki walikuwa wameisha. Hilda alikuwa akimngoja pembeni, nusu ya samaki wake imefungwa kwenye gazeti.

Tangu hapo kila Jumapili Clifford alipiga simu kutoka kambini. Hilda aliipokea kwenye kibanda cha simu cha mtaani, nywele kazitengeneza kana kwamba ataonekana.

"Umevaa nini, malkia wangu?"

"Grisi."

"Hakuna anayependeza nayo kama wewe."

Majira ya kuchipua ya mwaka 1944, sauti ile ikaja imepoa. "Hilda, usinisubiri."

"Umempata mwenye mikono safi?"

"Nisikilize kwanza..."

Hilda akamkatia simu.

Siku chache baadaye, zamu ya asubuhi ilipotoka, Clifford alikuwa amesimama langoni, buti zimeng'arishwa, uso wa mtu asiyelala. Wanawake wa kiwanda wakapunguza mwendo ili wasikie.

"Tunakwenda Ufaransa," akasema. "Sitaki nikuache mjane."

"Nani kakupa kazi ya kunichagulia majonzi?"

Clifford akavua kofia, Hilda akamsogelea.

"Unanipenda?"

"Mpaka naumwa."

"Basi nioe kabla hujaondoka. Mengine niachie mimi."

Lango zima likapiga makofi. Wakafunga ndoa kwa msajili. Gauni lilikuwa la kuazima, linampwaya mabegani. Kwa kuwa sukari ilikuwa ya mgao, keki ilikuwa boksi lililopakwa rangi nyeupe, ndani yake kikeki kikavu cha ukubwa wa ngumi. Walikila wakicheka.

Kiangazi hichohicho telegramu ya jeshi ikafika: Clifford hatarudi. Kesho yake Hilda alipanda winchi yake, akalia kule juu peke yake, na vyuma vikainuka kama kawaida.

Vita vilipokwisha, kikosi cha Clifford kilirudi nyumbani kwa tarumbeta, mji mzima barabarani. Jioni kukawa na dansi ukumbini. Sajini Tordoff, aliyetembea kwa mkongojo, akamfuata Hilda, vijana wa kikosi wakiwa nyuma yake.

"Shemeji, bunduki ya rashasha ilitubana darajani. Tungekwisha pale. Luteni akatuambia tuinamishe vichwa, akakimbia peke yake na mabomu ya mkono. Akainyamazisha. Alianguka daraja likiwa letu, na kijiji cha ng'ambo kikalala huru usiku ule."

"Aliliona? Kwamba limekuwa letu?"

"Aliliona. Alikuwa anatabasamu, shemeji."

Hilda akafuta macho, akanyoosha gauni lake la kijani. Muziki ulikuwa umeanza.

"Na nyinyi mnasimama kama nguzo kwa nini? Mume wangu hakuwavusha mje kuegemea ukuta."

"Mguu wangu..." Tordoff akaanza.

"Utaniegemea mimi."

Akamshika kiunoni, akamwingiza katikati ya ukumbi. Alipomaliza naye akamchukua wa pili, kisha wa tatu, akacheza nao wote mmoja mmoja, kichwa juu, mke wa Clifford Ibbotson.