Mahali Alipokaa Mponda Shaba

Ukimtaka Fagio asubuhi, usihangaike kumtafuta kitandani. Sikiliza tu ufagio unapokwaruza uani, utajua aliko. Binti huyo wa darasa la sita alifagia ua, akafagia baraza, akafagia mpaka kipande cha njia mbele ya nyumba ya jirani, ambacho hakikumhusu hata kidogo. Wenzake shuleni ndio waliompa jina hilo la Fagio. Walidhani atanuna. Wapi! Akalipokea kwa mikono miwili, na siku hizi hata mama yake alimwita hivyo hivyo.

"Mwanangu, utaikwangua hii ardhi mpaka tutumbukie," mama yake alimtania. "Hebu oga, utachelewa shule."

Mama yake alikuwa mpishi wa watafiti waliokuwa wakichimbua mgodi wa kale wa shaba, juu ya kilima nyuma ya mji. Kila siku baada ya masomo Fagio alipanda kilimani kukusanya vikombe na sufuria. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini Fagio hakuikosa hata siku moja, kwa sababu ya yale aliyoyaona huko juu.

Aliyewaongoza watafiti alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, ambaye hakutoka mahali bila brashi yake mfukoni. Watu wote walimwita Mama Brashi. Siku ya kwanza alimshika Fagio mkono, akampeleka kwenye mdomo wa shimo na kuwasha tochi. Hewa ya baridi iliwapiga usoni. Ukuta wa mwamba ulijaa alama za kugongwa, alama juu ya alama, chini kabisa mpaka mwanga wa tochi ukashindwa kufika.

"Mama, hawa walitumia mashine gani?" Fagio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mashine? Walikuwa na moto, maji na mawe. Waliukokea mwamba moto mpaka ukawa kaa la moto, wakaumwagia maji, ukapasuka. Halafu wakaugonga kwa mawe."

"Kwa mawe tu!"

"Na kwa mikono yao. Miaka kwa miaka."

Mwili mzima ulimsisimka Fagio. Usiku ule alimsimulia mama yake mpaka mama akasinzia, na yeye bado anasimulia.

Basi, Ijumaa moja alipofika kilimani aliwakuta watafiti wanafunga kazi. Siku hiyo walikuwa wamefunua kitu kipya karibu na mdomo wa shimo: sakafu ya udongo iliyokuwa imefukiwa zamani sana. Walikuwa wameifunika kwa turubai na kuizungushia kamba.

"Kesho wageni wetu wanafika mapema," Mama Brashi aliwaambia wenzake. "Darasa zima linakuja. Nataka wakute kila kitu kiko tayari."

Fagio alijua ni darasa gani hilo. Ni lake! Moyo ulimdunda kwa furaha. Watafiti wakateremka, akabaki yeye na mlinzi, kijana mmoja mcheshi aliyeitwa Kufuli kwa sababu ufunguo wa geti ulining'inia shingoni mwake mchana na usiku. Kufuli alikuwa nyuma ya kibanda chake akichochea jiko.

"Kusanya vyombo vyako taratibu, mdogo wangu," alimwambia. "Mimi napambana na huu moshi."

Fagio akakusanya vikombe. Kisha akasema ngoja nichungulie kidogo tu. Akainua pembe ya turubai.

Alichokiona kilimtia aibu, kana kwamba ni nyumbani kwao. Mawe yametapakaa huku na huku, makubwa kwa madogo, na juu ya udongo kuna vumbi la kijani na chengachenga kila mahali. Wageni ndio waje waone uchafu huu? Wenzake wa darasani, ambao hawakosi la kucheka? Akavuka kamba. Akaokota mawe yote, moja moja, akayapanga kwenye ukuta wa mwamba uliokuwa ubavuni: makubwa na makubwa wenzake, madogo na madogo wenzake. Akachukua brashi laini iliyokuwa kwenye ndoo, akafagia lile vumbi lote na kulimwaga bondeni. Alipomaliza, sakafu ilikuwa safi kama sahani. Akaishusha turubai, akaenda nyumbani anatabasamu peke yake.

Kesho yake asubuhi alipanda na mama yake, mama kabeba birika la chai, yeye kabeba mkate. Walifika Mama Brashi anafunua turubai. Fagio alisimama akingojea kusikia, "Loo, pamependeza!"

Mama Brashi alibaki kaishika turubai mkononi, mdomo wazi.

"Nani ameingia hapa?" hatimaye aliuliza. Hakupiga kelele, lakini sauti ilimtetemeka. "Kila jiwe lilikuwa pale pale lilipoachwa na mtu wa mwisho aliyefanya kazi hapa. Pale pale! Hakuna mkono ulioligusa tangu enzi hizo. Jana jioni mwanga ulikuwa mbaya, nikasema picha nitapiga asubuhi. Sasa nina nini? Nina rundo la mawe!"

Mkate nusura umponyoke Fagio.

Mama Brashi akamgeukia mlinzi. "Ufunguo unao wewe peke yako."

"Mama, naapa, hakuna mgeni aliyepita getini," Kufuli alisema. Na kweli, kwake Fagio hakuwa mgeni. Wala haikumpitia akilini.

"Kama hakuna aliyepita, basi ni wewe. Na kama si wewe, ulikuwa hulindi. Weka ufunguo mezani, kaka. Siwezi kukaa na mlinzi nisiyemwamini."

Kufuli aliuvua ufunguo shingoni. Akauweka mezani na kwenda kibandani kukunja blanketi lake.

"Masikini," mama yake Fagio alinong'ona. "Kazi yenyewe ndio kwanza kaipata, na mama yake mgonjwa anamtegemea."

Fagio alisimama kama aliyepigwa msumari. Hakuna aliyemwona jana. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mama yake atafukuzwa pia, na chini kule alishasikia sauti za wenzake wakipanda kilima. Watamcheka mpaka amalize shule! Akafumba mdomo. Akatazama chini.

Kufuli akapita mbele yake na blanketi kwapani. Kijana wa watu hata siku hiyo alijaribu mzaha. "Fagio, nipigie ufagio kibandani, basi. Nisiwaachie uchafu, wakazidi kunisema." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Fagio hakuweza tena.

"Ni mimi!" alisema, na kilio kikamtoka hapo hapo. "Kaka Kufuli hajafanya kitu. Ni mimi niliyeyapanga mawe! Niliona yametapakaa, nikasema wageni wakute pasafi."

"Nini?" Mama yake aliliweka birika chini kwa kishindo. "Fagio! Umefanya nini?"

Wanafunzi walikuwa wameshafika getini na mwalimu wao, wakasikia kila neno. Mvulana mmoja akaangua kicheko, "Fagio bwana, kafagia mpaka mgodi!" Mwalimu alimtupia jicho moja tu, kicheko kikamkwama kooni.

Mama Brashi aliketi juu ya ndoo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lile vumbi la kijani liko wapi?"

"Nimelimwaga bondeni," Fagio alijibu kwa kwikwi.

"Basi hilo ndio limekwenda. Halirudi. Lile vumbi ni madini ya shaba yaliyopondwa, lingenionyesha mengi." Fagio akainamisha kichwa zaidi. "Na mawe?"

"Yote yapo, Mama. Sikutupa hata moja."

"Uliyakuta yamekaaje? Fumba macho, usikimbilie kujibu."

Fagio akafumba macho. Ajabu ni kwamba aliyaona. Uchafu ndicho kitu alichokitazama kwa makini kuliko watu wengine. "Lile bapa kubwa lilikuwa katikati. Haya ya mviringo yalikuwa upande wa kulia, yamejipinda kama upinde. Halafu madogo… madogo yalikuwa peke yake, kule karibu na ukuta. Mengine sikumbuki. Nikisema nakumbuka nitakuwa naongopa."

"Vizuri. Yale usiyoyakumbuka usiyabuni."

Mama Brashi akawasha tochi yake kubwa, akailaza chini kabisa, mwanga ukapita ubavuni juu ya udongo. Watu wote wakashusha pumzi. Sakafu ile iliyoonekana laini ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kila kimoja na umbo lake. Fagio aliyatoa mawe, lakini vitanda vyake vilibaki.

Kabla ya kugusa jiwe lolote, Mama Brashi aliuchukua ufunguo mezani, akamwendea mlinzi. "Kaka, nisamehe. Nilikuhukumu kabla sijauliza sawasawa."

"Nami nilimwacha mtoto peke yake, nikawa nahangaika na jiko," Kufuli alisema akiuvaa ufunguo. "Lakini mama, blanketi hili nimelikunja vizuri, mtu asije kulipanga upya!" Hapo hata Mama Brashi alicheka.

Kazi ikaanza. Kila jiwe lilikuwa na upande wenye vumbi la kijani, huo ukaelekezwa juu, na upande wenye udongo, huo ukalazwa chini. Fagio alionyesha kwa kidole, Mama Brashi akajaribisha. Jiwe likigoma, linaondolewa, linajaribiwa lingine. Likikaa, linakaa kabisa, wala halitikisiki. Wanafunzi waliketi nje ya kamba. Mwanzoni walinong'onezana, baadaye wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Chai ilipoa, hakuna aliyeiulizia.

Jua lilikuwa limepanda waliporudisha jiwe la mwisho. Yalikuwapo machache ambayo hayakupata kitanda, Mama Brashi akayaweka kando na kusema hayo yatabaki bila jibu. Kisha akarudi nyuma akatazama. Wote wakatazama.

Mtu alikuwa amekaa pale.

Hakuwapo, lakini ungeweza kumwona. Mbele, jiwe bapa alilopondea. Kulia, mawe ya kugongea, yamepangika kwenye upinde ambao mkono wake uliufikia bila kuinuka. Na katikati ya mawe hayo udongo mtupu, wenye mibonyeo miwili ambapo visigino viligandamiza siku nenda siku rudi. Mtu huyo aliweka jiwe lake la mwisho chini, akainuka, akaondoka. Kilichobaki ni nafasi yake tu.

Sakafu ilikuwa kama ya mtu aliyetoka muda si mrefu.

"Na hapa kando?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

Karibu na ukuta palikuwa na upinde wa pili, mdogo. Mama Brashi alipiga magoti. Kisha akamwita Fagio. "Kaa huku nje ya kamba, sambamba na ile nafasi ndogo. Nyoosha mkono wako wa kulia. Usiguse."

Fagio akachuchumaa, akanyoosha mkono. Vidole vyake viliishia sawasawa na jiwe la mwisho la upinde ule, havikupungua wala kuzidi. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, na upande mmoja lilikuwa limelika na kulainika, pale dole gumba linapokaa.

"Alikuwa kama mimi," Fagio alisema. Machozi yalimtoka tena, lakini haya hayakuwa ya woga. Hakuna aliyecheka. Hata yule mvulana wa kicheko alikuwa amejishika mashavu.

"Naona alikuwa kama wewe," Mama Brashi alijibu. "Jina lake hatutalijua kamwe. Alichotuachia ni mahali alipoweka vitu vyake, basi. Ungenyamaza leo, mawe ningekuwa nayo yote, lakini mtoto huyu tungempoteza milele." Akawageukia wanafunzi. "Mtu hukosea hata akiwa na nia njema. Kosa likisemwa mapema, na bila kuongeza chumvi, kuna kinachookolewa. Likifichwa, analipa asiyehusika. Mmeona wenyewe."

Wanafunzi walipoanza kuteremka, mama yake Fagio alikuja polepole mpaka kwenye kamba. Hakuwa amemsemesha binti yake tangu asubuhi. Akatazama mahali pale pakubwa, akatazama pale padogo.

"Walikaa karibu hivi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Mama akakaa chini kando yake, bega kwa bega, na wote wawili wakaitazama ile sakafu.

"Siku nyingine ukiharibu kitu," mama alisema, "usingoje mpaka mtu akunje blanketi lake. Njoo uniambie. Sisemi kwamba sitakasirika. Nitakasirika sana. Nikimaliza kukasirika, tutakaa hivi, turekebishe pamoja."