Wasizifute Diski Zile

Soko la Kamwala, Lusaka, saa sita mchana, watu wanakanyagana. Namukolo, chitenge cha njano kimemkaa hata wauza nyanya wanasahau bei, alimpamia kijana aliyekumbatia boksi. Diski mbili za kompyuta zikaanguka vumbini.

"Dada, hizo si mikate!"

"Na wewe si ukuta, umesimamaje katikati ya njia?"

Wakacheka. Kumbe wote ni wa hospitali moja: Namukolo hutunza picha za eksirei, na Kapembwa, kijana yule, ni fundi wa kompyuta. Alikuwa amesubiri saini ya mkurugenzi miezi minane apate diski za akiba, akachoka, akazinunua kwa mshahara wake. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao wakatangazwa wageni wa makao makuu. Mkurugenzi, Bwana Sikazwe, akaamuru Linux, mfumo unaoendesha seva ya picha, itiwe kiini kipya, ndio moyo wake, siku ileile.

"Bosi, tujaribu kwanza kwenye mashine nyingine," Kapembwa akasihi. "Picha zote ziko kwenye diski nne zilizounganishwa kwa programu. Kiini kipya kikishindwa kuziunganisha, hatuoni hata picha moja."

"Mkurugenzi hapa ni nani?"

Kapembwa akakitia. Seva ikawaka, diski nne zikakaa kama abiria wasiojuana. Picha hakuna. Wagonjwa wa upasuaji wakarudishwa kwenye mabenchi, mzee Hamoonga na nyonga yake iliyovunjika akilia kama mtoto.

Lakini wenye saini hawakosei, hukosa wadogo. Sikazwe akamwita Namukolo. "Umewahi kumwona fundi na diski nje ya hospitali?"

"Ndiyo, sokoni, lakini alikuwa..."

"Inatosha."

Kapembwa akafukuzwa kwa wizi wa diski za hospitali, na kwenye barua shahidi ni Namukolo. Namukolo akampigia mara tatu, simu hazikupokelewa. Ya nne, asubuhi yake, ikapokelewa.

"Umenishuhudia, Namukolo. Mimi!"

"Sikazwe alinikata kauli, mpenzi. Nitukane baadaye. Ameleta fundi mwingine, wanataka kuzifuta diski waanze upya!"

"Wasizifute! Picha zimo, ni kiini kipya tu hakizioni. Uko wapi?"

"Chumba cha seva. Nimejifungia, ufunguo ninao."

"Mwanamke wewe! Haya, izime, iwashe. Ikitokea orodha, shuka mpaka kiini cha zamani, bonyeza."

Mlango ukagongwa kwa mateke. "Fungua! Leo huna kazi!" Sikazwe akanguruma.

Namukolo akabonyeza. Akangoja, macho kwenye kioo cha kompyuta. Picha ya nyonga ya mzee Hamoonga ikakijaza.

"Zimerudi, Kapembwa! Zote!"

Wageni walipofika, Sikazwe akawaambia kwamba ameirekebisha mwenyewe. Wakampigia makofi. Makofi!

Alasiri Namukolo akamkuta Kapembwa kwake mtaa wa Chawama, anafua shati.

"Umekuja kushuhudia nini tena?"

"Nimeandika ukweli wote, nimeubandika kwenye ubao wa matangazo. Wagonjwa wanausoma."

"Watakufukuza."

"Wameshanifukuza."

Kapembwa akaliacha shati ndani ya beseni, akamkumbatia kwa mikono yenye povu. Alifanya vyema, mwanamke wa namna hiyo mtu hupewa mmoja tu, nami najua.

"Jumamosi mshenga wako aje kwetu," Namukolo akasema. "Asipokuja, namtuma wangu kwako."

"Mwanamke hatumi mshenga!"

"Na mtu haitwi mwizi kwa diski alizonunua mwenyewe. Wao wamevunja desturi ngapi? Sisi tuvunje moja."