Jiwe la Shabu Lisilopungua

Mkono Mwepesi hakuwahi kumkata mteja hata siku moja. Jina lenyewe alipewa na wateja, hakujibandika. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa na viti viwili: kimoja chake, cha pili cha shemeji yake, mume wa dada yake. Mchana ule ulikuwa wa kawaida kabisa. Taulo zilikuwa kambani, redio ilikuwa ikikoroma, na mzee mmoja aliyemaliza kunyolewa ndevu alikuwa akisuguliwa jiwe la shabu mashavuni.

"Linachoma," mzee akalalamika.

"Likichoma ujue linafanya kazi," shemeji akamwambia.

"Hivyo hivyo ndivyo mke wangu anavyosema kuhusu ulimi wake."

Wakacheka. Jiwe lile jeupe halikukosekana pale. Unaliloweka kidogo, unalisugua ulipopita wembe, na damu inafunga. Kipande kingine kilizungushwa kwenye ndoo ya maji ya mvua. Tope likashuka chini, juu yakabaki maji safi ya kunawia. Dada yake naye, mtia rangi vitambaa, alilichemsha pamoja na nguo ili rangi ishike, isichuje. Tena alilipaka kwapani likakata jasho. "Duka zima la dawa ndani ya jiwe moja," alipenda kusema.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye mwenyewe bado msichana, alimbeba mdogo wake mgongoni, na hakumtua mpaka alipojua kushika mkasi. Ndiyo maana dada alipougua, damu ikimpungua mwilini na madaktari wakikuna vichwa, Mkono Mwepesi alilia bila aibu. Na dada alipoinuka ghafla, mashavu yamejaa, alishukuru tu, hakuuliza. Hilo ndilo kosa lake, kama kupenda ni kosa.

Kinyozi hajinyoi. Mkono Mwepesi na shemeji walinyoana wenyewe kwa wenyewe, saa za mchana ambazo wateja ni haba. Tangu dada apone, shemeji akawa anamkata. Kidogo tu, chini ya sikio la kushoto. Kila mara pale pale.

"Samahani shemeji, mkono umeteleza."

"Mkono unazeeka huo. Uache wembe, uje ufagie."

Shemeji alicheka, lakini hakuchukua jiwe la rafuni. Alitoa lake mfukoni mwa koti, akalisugua kwenye jeraha likiwa kavu. Kinyozi gani anasugua shabu kavu? Wala hakulisuuza baadaye. Na jiwe la rafuni lilikonda kama sabuni, ila lile la mfukoni lilizidi kunenepa.

Mkono Mwepesi akaanza kuchoka. Vidole vikawa baridi hata juani. Siku moja mteja aliyekaa kitini akakodolea macho kioo kilichokuwa mbele yake.

"Fundi, kioo chako kina ukungu."

"Wapi?"

"Hapo uliposimama."

Akakifuta. Akahamia upande wa pili. Ukungu ukahama naye.

Mvua iliponyesha tena, ndoo ilijaa maji ya tope, na jiwe la rafuni lilikuwa limekwisha. Shemeji alikuwa ametoka, koti lake limebaki msumarini. Mkono Mwepesi akatia mkono mfukoni, akatoa jiwe, akakifungua kitambaa kilicholifunga. Akalizungusha ndani ya maji, akasubiri. Tope likashuka. Maji yakatakata. Akainama.

Aliona mabati ya dari. Aliona taulo kambani. Uso wake hakuuona.

Chini ya ndoo, juu ya tope, uzi mwekundu ulikuwa ukitoka jiweni taratibu na kurudi jiweni. Akarudi nyuma, akakitazama kile kitambaa mkononi. Kilikuwa kipande cha shati lake la utotoni, lile ambalo dada alilitia rangi ya bluu kwa mikono yake. Shemeji asingelipata bila kupewa. Aliyelitunza shati lile miaka yote alikuwa mmoja tu.

Alimkuta dada uani, mikono imezama kwenye beseni la rangi, amenawiri. Akaweka kitambaa na jiwe mbele yake. Dada akavitazama, asishtuke.

"Nilijua shati utalitambua," alinong'ona.

"Dada. Ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Ningekupa. Yote. Unajua ningekupa."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikuomba." Akafuta mikono yake polepole. "Mume wangu alinipa damu yake kwa hiari kabla yako. Haikushika. Ya kupewa inachuja. Inayoshika ni ya kuibiwa, na aibiwe anayekupenda asiyejua."

Mkono Mwepesi akakosa pa kukaa. Kifo angekivumilia. Lakini kwamba mgongo uliombeba ndio ulioketi ukampangia, hilo lilimkata mahali ambapo shabu haifiki.

"Na sasa nimejua," akasema.

"Sasa umejua."

Akamwona akichuja. Rangi ya midomo ilitangulia. Mashavu yakafuata. Ndani ya beseni maji ya bluu yakaanza kuwa mekundu, na mikono yake haikuwemo tena.

"Mbona ulifungua, mdogo wangu?" dada akauliza, bila hasira, kama anayemuuliza mtoto kwa nini amevunja kikombe.

Wakamzika. Shemeji akataka jiwe lizikwe naye, limefungwa ndani ya shati lile lile, na Mkono Mwepesi mwenyewe aliliona likifukiwa. Angemfukuza, lakini alimwona mgane yule akilia, akashindwa. Wakarudi kwenye viti vyao viwili. Mchana wateja walipokuwa haba, walinyoana kama zamani. Siku hizo shemeji hakuwa na utani.

Nguvu zikamrudia Mkono Mwepesi. Vidole vikapata joto. Akasema ni Mungu tu.

Kisha yule mzee wa ndevu akaja, akakaa, akamtazama kiooni kwa furaha.

"Fundi, umenawiri. Sasa kioo kifute pale, kwa mwenzako. Kina ukungu."

Mkono Mwepesi akageuka. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlangoni, amekonda, akijikuna chini ya sikio la kushoto. Pale palikuwa na mkato mdogo. Mwembamba, safi, wa mkono unaojua kazi.

Hakukumbuka kumkata. Hajawahi kumkata mtu.

Akatia mkono mfukoni mwa koti lake mwenyewe atafute leso ya kufutia kioo. Vidole vikagusa kitambaa kilichokunjwa, chenye udongo. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, kikavu, kilichonenepa zaidi ya kilivyokuwa siku walipokifukia.